Tuwakumbuke na wenye maduka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikizidisha maneno unaweza kukata, ila tafadhali usikate majina ya watu manake hayo majina ndio sababu ya mimi kuandika. Kila mwaka tarehe 20 Novemba watu wa transijenda, yaani wale ambao jinsia wanayojijua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, sehemu nyingi duniani wanawakumbuka wenzao waliouawa. Hii siku ilianza 1999 huko Marekani, aliyeianzisha ni Gwendolyn Ann Smith, na aliyekuwa akimlilia ni Rita Hester, mwanamke mweusi transijenda aliyeuawa nyumbani kwake Boston Novemba ya 1998. Ni siku ya msiba na ibaki hivo hivo, siombi ibadilishwe. Ninachoomba ni kwamba tukishamaliza kuwataja waliokufa, gazeti lako litupe siku ingine ya kuwataja waliowasaidia waliobaki waishi, na hapo nawazungumzia wenye maduka, watu wa kaunta, wauza mawigi na viatu na donati na maua, kwa sababu mimi mwenyewe nauza nguo na viatu vya mtumba hapa Kongowea na mambo ya dukani nayaelewa kuliko ya siasa.

Magazeti yakiandika historia ya hawa watu huwa yanaandika baa moja tu, Stonewall Inn ya New York, usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi wakavamia, wateja wakakataa kupelekwa. Sawa, ule usiku ni mkubwa na unastahili. Lakini ile baa ilikuwa ya mafia, pombe inatiwa maji inauzwa ghali, na hao wateja walikubaliwa kwa sababu walikuwa hawana pengine pa kwenda kwa hivo wanaweza kukamuliwa. Mwenye duka wa aina hiyo simtaki kwenye orodha yangu. Ninaowataka ni wale waliouza kwa bei ya haki na wakampa mteja heshima yake, na hao wapo, wana majina.

Nianze na Marie Tornell. Miaka ya 1950 Marie alikuwa na duka la mawigi Fifth Avenue, New York, barabara ya matajiri. Siku moja akaingia mwanamume anaitwa Tito, mkalimani wa mahakama, mzaliwa wa Chile, akasema anatafuta wigi ya dada yake. Inasimuliwa kwamba Marie alijua palepale kuwa hakuna dada, wigi ni yake mwenyewe, na hakumfukuza wala hakumcheka. Akamuuzia. Baadaye wakaoana, na Tito akajulikana kwa jina alilolitaka, Susanna Valenti.

Sasa mtu ambaye hajawahi kuuza kitu cha kuvaliwa anaweza kuona hilo ni jambo dogo, wigi imeuzwa basi, kwani kuna nini? Wigi hainunuliwi kama sabuni. Lazima mtu akae kwenye kiti, nywele zake zibanwe chini ya kofia ya wavu, umpime kutoka paji la uso mpaka kisogoni na kutoka sikio hili mpaka lile, umvalishe, uivute mbele kidogo, uirudishe nyuma kidogo, halafu ndio umwonyeshe kioo. Muda wote huo mikono yako iko kichwani mwake na yeye anakuangalia kwenye kioo aone uso wako unasemaje. Mteja wa aina hii akiona umekunja uso, akiona unamkonyeza mwenzako wa kaunta, anatoka na harudi, na pengine anakaa miaka mingi bila kujaribu tena popote. Marie alikuwa na mikono mizuri na uso mzuri, na wateja kama hao wakawa wanakuja kwake. Biashara ikaendelea na watu wakapata wanachotaka, hakuna aliyepungukiwa.

Na hakuishia dukani. Marie alikuwa na ardhi kule milima ya Catskills, kaskazini ya New York, mahali pa mapumziko pakiitwa Chevalier d'Eon, na baadaye miaka ya 1960 wakawa na pengine pakaitwa Casa Susanna, karibu na mji wa Hunter. Wikendi watu walikuwa wanapanda huko na masanduku yao, wengine ni watu wa heshima zao mjini, wana wake na watoto, na wakifika wanavaa magauni na kukaa hivo siku mbili, wanapika, wanacheza karata, wanapiga picha kwenye nyasi. Marie anawatengeneza nywele. Picha zenyewe ziko mpaka leo manake miaka ya 2000 mwanzoni muuza fanicha mmoja wa New York, Robert Swope, alizikuta kwenye soko la vitu vikuukuu Manhattan, akazinunua, akazitunza. Angalia hapo Mhariri, hata picha zimeokolewa na mtu wa biashara aliyekuwa akichakura sokoni kama tunavyochakura sisi mabunda ya mtumba alfajiri! Nyingi sahi ziko kwenye jumba la sanaa la Ontario, Toronto. Nilizitazama kwenye simu nikaona watu wanacheka kwa raha kabisa, glasi mkononi, na wale si wanamitindo, ni watu wa kawaida wamevaa magauni ya maua na mikufu ya shanga na viatu ambavyo kwa jicho langu la muuza viatu naona vingine vinabana.

Ili mtu aelewe kwa nini duka lilikuwa jambo kubwa lazima ajue sheria ya wakati ule. New York ilikuwa na sheria ya 1845 ya kukataza watu kujificha sura na kujibadilisha, iliyoandikwa kwa sababu ya wakulima waliokuwa wakigombana na wenye mashamba, halafu polisi wakaja kuitumia kukamatia wanaume waliovaa nguo za kike na wanawake waliovaa suruali. San Francisco ilipitisha yake 1863 na ikakaa mpaka 1974. Watu wa enzi hizo wanasimulia kwamba polisi walikuwa wanahesabu nguo mwilini, ukikosa walau tatu za jinsia iliyoandikwa kwenye karatasi zako unapelekwa ndani. Kwa hivo ukimuuzia mtu gauni ulikuwa unajua kabisa kwamba linaweza kumfunga, na yeye anajua kwamba wewe unaweza kupiga simu polisi wakati yuko nyuma ya pazia hajavaa chochote. Ndio maana nasema uaminifu wa muuzaji hapo ulikuwa ndio usalama wa mteja.

Los Angeles kulikuwa na kijana wa kike anaitwa Nancy Valverde, Mmarekani wa asili ya Mexico, akisomea kinyozi mjini. Alikuwa na nywele fupi na akivaa suruali, na polisi walimkamata mara kwa mara kwa kosa waliloliita la kujigeuza. Huyu hakuwa transijenda, alikuwa msagaji, ila sheria ilikuwa ni ileile na polisi ni walewale. Alichofanya ni kwenda kwenye maktaba ya sheria akatafuta mwenyewe mpaka akapata uamuzi wa 1950 unaosema kuvaa nguo za jinsia ingine peke yake si kosa, akampelekea wakili wake. Kinyozi! Mkia wa hii habari ni mzuri: karibu na hapo kulikuwa na duka la donati linaitwa Cooper Do-nuts, la familia ya Evans, na Nancy alikuwa anaingia kula donati na kunywa kahawa bila mtu kumsumbua, na wanaume waliovaa nguo za kike pia walikuwa wanaingia. Kuna habari kwamba 1959 wateja waliwarushia polisi donati na vikombe, wanahistoria wanabishana ilikuwa duka hilo au lingine, wabishane. Kitu ambacho hakibishaniwi ni kwamba 2023 jiji la Los Angeles liliipa makutano ya barabara ya Second na Main jina la Cooper Do-nuts na la Nancy Valverde pamoja, na yeye mwenyewe alikuwa hai akaliona, amefariki Machi 2024 akiwa na miaka 92. Duka la donati limeandikwa kwenye kibao cha barabara kwa sababu lilimwacha mteja anywe kahawa yake kwa amani, na mimi sioni kama kibao hicho kimezidi.

Linganisha na Compton's Cafeteria, San Francisco, mtaa wa Tenderloin. Pale palikuwa panafunguliwa usiku kucha na wanawake transijenda wengi walikuwa wanakwenda manake kwenye baa walikuwa hawatakiwi. Wasimamizi wakaanza kuwatoza ada ya ziada, wakaweka walinzi, wakawa wanaita polisi. Agosti 1966 polisi mmoja akamshika mteja, yule mteja akammwagia kahawa usoni, meza zikapinduliwa, vioo vikavunjwa. Miaka mitatu kabla ya Stonewall hiyo. Mwenye duka aliyewafanya wateja wake wa kila siku kuwa adui alipata alichopata, na sisemi hivo kwa furaha, nasema kwa sababu tofauti ya hapo na kwa Cooper ilikuwa ni mwenye duka tu, wateja ni wa aina ileile, polisi ni wa aina ileile.

Lakini ninayemtaka hasa kwenye gazeti lako ni Lee Brewster. Mtoto wa kijijini, amezaliwa Virginia 1943, akapata kazi ya faili kwenye FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, wakamfukuza kwa kumshuku kuwa shoga. Akahamia New York, akaanza kuandaa dansi kubwa za watu wanaovaa nguo za kike ili kuchanga pesa za harakati, na hapo akagundua tatizo ambalo mimi ningeligundua siku ya kwanza: watu wanataka kuja dansi lakini hawana pa kununua. Viatu vya kike vinaishia saizi ndogo, magauni yanabana mabegani, na dukani unaangaliwa vibaya. Brewster akaanza kuuza, mwanzo kwa posta, mtu anaagiza anatumiwa, halafu akafungua duka akaliita Lee's Mardi Gras Boutique. Mwisho likawa 14th Street, Manhattan, eneo ambalo wakati huo ni la mabucha na malori ya nyama. Ghorofani, mlango wa barabarani haukutangazi, unapanda unakuta viatu vya kisigino vya saizi za miguu mikubwa, mawigi, makorseti, matiti ya kubandika, vipodozi vya kufunika ndevu, na rafu za vitabu na magazeti ya watu kama wewe.

Naomba nikae hapo kwenye viatu kidogo. Mtu wa mguu wa 44 au 45 anayetaka kiatu cha kike anajua aibu ya kuuliza. Anauliza kwa sauti ya chini, anasema ni cha shangazi yake aliye kijijini, anakipima kwa kukiweka juu ya kiganja badala ya mguuni. Hapa Kongowea wanakuja, wanawake warefu wa kawaida wanakuja na hawa pia wanakuja, na nikifungua bunda nikakuta kiatu kizuri cha 44 nakiweka pembeni najua kitapata mwenyewe. Kwa hivo mtu aliyejaza duka zima vitu hivo, akaweka na taa na kioo na kiti cha kukalia, akamwambia mteja vaa utembee tuone, huyo mimi namvulia kofia. Mwenye duka akiagiza saizi fulani kwa wingi tayari ameshamwambia mteja kwamba nilijua utakuja na nimekuwekea.

Na faida aliitumia vizuri. Mwaka 1969 Brewster na Bunny Eisenhower walianzisha Queens Liberation Front, chama cha kutetea haki za wanaovaa nguo za kike, wakalipa mawakili kupigana na kanuni za New York zilizokuwa zinafanya klabu iweze kufungwa kwa sababu tu ya wateja wa aina hiyo kuwemo ndani, na akachapisha jarida miaka mingi. Mwaka 1973 kwenye mkutano wa mashoga na wasagaji Washington Square Park, baadhi ya viongozi walipanda jukwaani kuwasema vibaya waliovaa nguo za kike, kwamba wanadhalilisha wanawake. Sylvia Rivera, mwanaharakati transijenda, alizomewa alipopanda kuwatetea waliokuwa jela. Brewster naye akapanda, akawakumbusha kwamba hizo baa wanazokunywa kwa uhuru zilipiganiwa na haohao wanaofukuzwa, akavua taji lake akalitupa kwa watu akashuka. Muuza duka huyo! Angeweza kunyamaza akalinda biashara, wateja wengine walikuwa palepale uwanjani wanazomea. Alifariki Mei 2000, na duka liliendelea karibu mpaka mwisho wake.

Kuna na wengine ambao majina hayakuandikwa popote. Marsha P. Johnson, mwanaharakati wa New York, watu wanamjua kwa picha, maua kichwani, kicheko kikubwa. Maua yale yalikuwa yanatoka mtaa wa wauza maua wa Manhattan, huko 28th Street. Marsha miaka mingi hakuwa na nyumba, na wauza maua walikuwa wanamwacha alale chini ya meza za kuchambulia maua, na yaliyobaki bila kuuzwa wanampa. Mtu yeyote anayeuza kitu kinachoharibika anajua mabaki ni yako kuamua, utupe au utoe. Wale walitoa, na kila picha ya Marsha unayoiona leo kwenye fulana na kwenye ukuta ina maua ya mfanyabiashara fulani aliyesahaulika.

Najua kuna wasomaji watasema hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu hawa watu wapo hapa. Audrey Mbugua alikwenda mahakamani kudai cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kiandikwe jina lake la sasa na alama ya jinsia iondolewe, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu Nairobi ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe. Alikuwa amepata A- na hakuweza kutumia cheti hicho kutafuta kazi kwa sababu jina na uso havifanani. Sasa fikiria, serikalini unaulizwa cheti, benki unaulizwa kitambulisho, hospitali unaitwa kwa jina la kwenye kadi watu wote kwenye benchi wakageuka. Dukani hakuna anayekuuliza karatasi. Unaingia, unachagua, unalipa, unaitwa mteja. Kwa mtu ambaye kila dirisha analofika anatakiwa ajieleze, hiyo dakika ya kuitwa mteja ina thamani kubwa, na ni sisi wenye maduka tunaoweza kuitoa au kuiharibu.

Na tunaiharibu sana. Sitaji mtu, lakini nimeona sokoni kijana amefukuzwa kibandani kwa maneno machafu, watu wakapiga kelele wakamfuata mpaka barabarani, na nguo aliyokuwa ameshalipia nusu akaiacha, pesa hakurudishiwa. Ule ni wizi. Mimi ni mtu wa dini na kwenye dini yangu kupunja mizani ni dhambi kubwa iliyotajwa wazi, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukimpunja mtu usiyempenda inasamehewa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya transijenda, akae nayo, lakini mteja akishatoa pesa apewe mzigo wake na asiondoke na jeraha.

Wenzangu wa soko wananiuliza siogopi wateja wengine wakimbie. Wachache wamesema maneno, ndiyo. Wengi wanaangalia bei. Mama mmoja wa makamo ambaye huja kununua madera kwangu ndiye aliyemsaidia msichana mmoja wa hawa kufunga zipu mgongoni nilipokuwa na kazi ya kupokea mzigo, akamwambia hii rangi imekukaa mwanangu, nunua hii uache ile. Wakaendelea kuchambua rundo moja pamoja, kila mmoja na lake.

Kwa hivo Mhariri ombi langu ni hili. Novemba inapokuja mkiandika ya Rita Hester, mtafute nafasi muandike na ya Marie Tornell na Lee Brewster na familia ya Evans, hata kama ni safu moja. Halafu muwaombe wasomaji waandike ya kwao. Nina hakika Nairobi, Mombasa, Dar, Kampala, kuna fundi cherehani aliyekubali kushona bila kuuliza maswali, kuna saluni inayofunguliwa saa mbili usiku wateja wengine wakishaondoka ili mtu mmoja atengenezwe nywele kwa utulivu, kuna kinyozi, kuna mama wa chai. Wengi wao hawatataka jina litajwe na wana sababu, basi andikeni kazi yao na mtaa bila jina, au hata mtaa muuache. Wakifa bila kuandikwa nani atajua walikuwepo? Wale wa New York tunawajua kwa sababu mtu alitunza picha, mtu akahoji, mtu akaandika.

Mimi nipo tayari kuanza, nina watu wawili naweza kuwauliza kama wanakubali kuzungumza na mwandishi wenu, mmoja ni fundi wa viatu anayeongeza urefu wa kisigino na kupanua kiatu kwa kalibu ya mbao, kazi yake ni safi sana. Ofisi yenu ikinitumia ujumbe nitawaunganisha.

Wako,
Muuza mtumba, Kongowea, Mombasa